Mchi wa Shemeji na Bastola za Walimu

Nyinyi mnaotaka kazi ya kutunza majengo ya shule, na nyinyi mnaotaka kuwa walimu, na hata wewe unayesoma haya kwa sababu mama yako amekulazimisha ufanye mazoezi ya Kiswahili, vuteni viti. Nimestaafu, magoti yangu yanalia kama bawaba zilizokosa mafuta, na nina neno kuhusu bunduki.

Ndiyo, bunduki. Nimepiga deki korido za shule moja ya sekondari pale Malvern, hapa Scarborough, Kanada, kwa muda mrefu mno. Ukiyakusanya maji niliyomwaga, utajaza ziwa lote hili la Ontario na utabakiza ya kuogea. Katika miaka hiyo nimesikia mawazo ya kijinga ya kila saizi. Kuna bwana aliyetaka tupake korido rangi ya waridi ili watoto wasipigane. Kuna mama aliyetaka tung'oe milango ya vyoo ili wasivutie sigara humo, nami nikamwomba tuanze na choo cha wazazi. Lakini wazo lililotia fora, ambalo hadi leo nikilikumbuka chai inanipalia, ni lile la kumpa mwalimu bastola ili alinde wanafunzi.

Wazo lenyewe si la hapa. Lilivuka mpaka kutoka Marekani kwa njia ya televisheni, bila pasi wala viza, likaingia sebuleni mwa watu wa Scarborough likaketi kwenye kochi. Na katika shule yetu lilifika kwa mdomo wa mtu wa nyumbani kwetu kabisa, shemeji yangu Kibwana.

Subirini kwanza niwaeleze kazi, maana bila kuijua kazi hamtaelewa kwa nini nacheka.

Nilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mkuu wetu sisi watunza jengo alikuwa Mjamaika mmoja aitwaye Desmond, mtu mpana kuliko mlango wa stoo. Siku ya kwanza hakunipa ufagio. Alinisimamisha katikati ya korido akaniambia nifumbe macho nisikilize. Alisema jengo la shule husikilizwa kabla ya kufagiliwa. Mlango ukigonga ukanyamaza, umefunga. Ukigonga halafu ukawa kama unapumua, basi kuna mtoto kauwekea kitu ili aweze kurudi akishavuta sigara. Kwa kawaida kitu chenyewe ni kitabu cha hesabu. Naapa sijaona kitabu kilichofanya kazi kubwa kama kile cha hesabu pale mlangoni.

Mengine aliyonifundisha nawapa bure. Chumvi ya kuyeyusha barafu ngazini imwagwe kabla basi la kwanza halijashusha watoto, na usiimwage kama unayeunga mchuzi. Mwaga kama una ugomvi nayo. Bigijii iliyoganda kwenye zulia usiivute, iwekee kipande cha barafu mpaka iwe ngumu kama jiwe, kisha igonge. Mtoto aliyetapika usimuulize alikula nini. Na mwalimu akikuambia kwamba ufunguo wake umeibwa, mwambie pole, halafu nenda kautafute kwenye friji ya walimu.

Hilo la mwisho si utani. Kulikuwa na mwalimu wetu wa kemia, Bwana Kowalchuk, mtu mwema kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Mchana nilikuwa nadeki darasa lake, jioni nilikuwa naketi humohumo, maana nilisoma sekondari kwa madarasa ya jioni nikiwa mama mzima, na yeye ndiye aliyenitoa kwenye ujinga wa kudhani jiki na amonia vikichanganywa vinasafisha mara mbili. Angekufundisha atomu mpaka ukaiona imekaa mezani inakutazama. Lakini ufunguo! Ufunguo wa Bwana Kowalchuk nimeuokota kwenye sanduku la saladi, kwenye kikapu cha vitu vilivyopotea, na mara moja ndani ya kiatu chake mwenyewe akiwa amekivaa. Mimi nilikuwa na ule ufunguo mmoja unaofungua vitasa vyote, ambao kwetu mafundi wanauita ufunguo malaya, na nusu ya maisha yangu niliimaliza nikimfungulia.

Na siyo yeye peke yake. Walimu wa shule ile walikuwa wakiwanyang'anya watoto simu na kuzifungia kwenye droo za meza zao. Kufikia saa ya chakula simu zote zilikuwa zimesharudi mifukoni kwa wenyewe, na droo ingali imefungwa. Watoto wale walikuwa wanafungua droo kwa rula. Mmoja alinifungulia kabati langu la dasta kwa kijiti cha aiskrimu, tena kwa adabu, siku niliposahau ufunguo wangu nyumbani. Sasa niambieni, wataalamu wa televisheni: hiyo bastola mngeiweka wapi? Kwenye droo? Kwenye friji, karibu na saladi?

Haya, twende kwa shemeji.

Kibwana amemwoa dada yangu Asha. Wakati huo alikuwa akipakia mizigo kule uwanja wa ndege, upande wa Malton, na ili arudi Malvern alipanda mabasi mengi mpaka akawa na muda wa kutatua matatizo yote ya dunia kabla hajafika kwake. Katika ujana wake, huko nyumbani, alipita kwenye mafunzo ya jeshi ya vijana. Akapewa bunduki ya mbao. Akakimbia nayo, akalala nayo, akaipigia saluti. Tangu siku hiyo ni jenerali. Huwezi kukata nyama ya Idi mbele yake bila kuelezwa namna ya kuvizia adui. Mimi kama shemeji yake nina haki ya kumtania, na haki hiyo nimeitumia mpaka imechakaa.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, televisheni ilikuwa imeonyesha tena habari za watoto kuuawa darasani ng'ambo ya mpaka. Hofu ile siicheki. Salma, binti ya dada yangu, alikuwa mwanafunzi wa shule yetu, na asubuhi iliyofuata niliangalia kila mlango kama daktari anayeangalia ulimi. Mkuu wa shule akaitisha kikao cha wazazi maktabani. Alieleza utaratibu: kengele ikitangaza kujifungia, kila darasa linafunga mlango, taa zinazimwa, watoto wanakaa kona isiyoonekana, na mlango haufunguliwi kwa sauti ya mtu yeyote mpaka polisi waje. Wazazi wakaguna. Ndipo jenerali wetu aliposimama, amevaa koti lake la harusi.

Alihutubia muda mrefu kiasi kwamba nahisi niliota mvi mbili palepale. Alisema kukaa kona gizani ni kusubiri kama kuku. Alisema kila mwalimu apewe bastola na mafunzo ya wikendi, na kwamba yeye mwenyewe yuko tayari kufundisha. Nikajiuliza angefundisha kwa kutumia mti gani. Sheria za nchi hii zisingeruhusu hata robo ya hayo, lakini upuuzi hauna haja ya kuruhusiwa. Unahitaji tu kupigiwa makofi, na wakaanza kupiga. Bwana Kowalchuk akavua miwani, akaifuta, akasema kwa upole kwamba yeye asingependa kubeba silaha mbele ya watoto.

Kibwana akamgeukia. "Mwalimu, mwanangu yuko darasani kwako. Akija mtu mbaya, utamrushia chaki?"

Maktaba nzima ikashangilia. Bwana Kowalchuk alirudisha miwani yake usoni, akaketi. Nilimwonea huruma, na nitasema ukweli, hata mimi jibu sikuwa nalo.

Basi. Majira ya kuchipua, shule ikawa na siku ya vyakula vya kwao. Kila familia ilete kitu. Salma alikuwa amejisifu kwa wenzake kwamba nyumbani kwao viungo vinatwangwa kwa kinu, na Bwana Kowalchuk, aliyekuwa msimamizi wa siku hiyo, akamwambia amlete baba yake aonyeshe. Kinu nilikitanguliza mimi, nikakiweka jikoni mwa shule. Mchi ulibaki kwa dada, na Kibwana akaomba ruhusa kazini ili aulete mwenyewe.

Mmeshaona mchi wa dada Asha? Ni mrefu kunizidi mimi, mweusi kwa uzee. Sasa mtu wa kwetu hawezi kubeba mchi uchi kwenye basi la watu, utadhani anakwenda kupigana. Kwa hiyo Kibwana, kwa heshima zake zote, akauzungushia khanga ya mkewe, akaufunga kamba juu na chini, akautia begani. Alidhani anasitiri chombo cha jikoni. Mtu yeyote aliyekaa dirishani kwenye zile fremu za maduka ng'ambo ya barabara aliona mwanamume mwenye koti refu anatembea haraka kuelekea shuleni na kitu kirefu kilichoviringishwa nguo. Wakapiga simu polisi. Siwalaumu.

Na hakupita mlango wa mbele. Angepita huko angebonyeza kengele, kamera ingemwona, karani angemcheka, mambo yangeisha. Lakini mtu wa kwetu aliyebeba vyombo vya mapishi haingilii barazani kama mgeni wa heshima; anazunguka uani, kwenye mlango wa karibu na jiko. Mlango wa ubavuni ulikuwa unapumua. Kitabu cha hesabu. Akakiokota, akakifuta vumbi, akaingia.

Kengele ilitangaza kujifungia wakati mimi niko korido ya juu. Niliingia kwenye kabati la dasta nikavuta mlango. Taa zikazimika shule nzima. Vijana, hamjui ukimya mpaka msikie ukimya wa watoto elfu wanaozuia pumzi. Nilisikia jokofu la jikoni, ghorofa ya chini, likijikuna. Nilishika dekio kwa mikono miwili na kusoma kila dua niliyofundishwa na nyingine nilizotunga.

Ndipo nikasikia ngo, ngo, ngo. Kitu kizito kinagonga milango, mlango mmoja baada ya mwingine. Na baada ya kila kugonga, sauti.

"Hodi!"

Damu ilinikauka, kisha ikarudi yote kwa mkupuo, maana sauti ile naijua. Naisikia kila Idi. Shemeji yangu alikuwa anatembea katikati ya korido yenye giza, polisi wako njiani, anagonga milango ya madarasa kwa kitako cha mchi akiomba akaribishwe. Jikoni hakukuta mtu, tangazo alidhani ni la wanafunzi tu, akapanda juu kumtafuta msimamizi. Na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, alifanya kama alivyolelewa: alipandisha sauti akapiga hodi tena. Kwetu ukimya maana yake mwenyeji hajasikia.

Utaratibu unasema usitoke. Nilitoka. Nilikimbia kwa magoti haya haya, na dekio mkononi, nikapinda kona nikamwona amefika mlango wa kemia. Nilitaka kupaza sauti, pumzi haikutosha.

Yaliyokuwa yakitendeka ndani niliyapata baadaye kwa Salma. Mlango ule ulikuwa wa kufungwa kwa ufunguo kwa nje, namna ya vitasa vya zamani, na ufunguo wa Bwana Kowalchuk ulikuwa, kama kawaida, Mungu anajua wapi, kwa hiyo ulibaki haujafungwa. Basi aliwarundika watoto kona ya mbali, yeye akasimama nyuma ya mlango na mtungi mwekundu wa kuzimia moto, pini amekwisha kuing'oa. Salma aliitambua sauti. Alimnong'oneza mwalimu kwa Kiingereza kwamba huyo ni baba yake. Mwalimu akaweka kidole mdomoni. Kwa hofu ile hakusikia maana, alisikia kelele tu.

Kitasa kikazunguka. Mchi ukatangulia kuingia, ndani ya khanga yake, umenyooka.

Na Salma, mtoto ambaye tangu azaliwe unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, akapiga ukelele: "Baba, rudi nyuma!"

Mtungi ukafyatuka puuu. Sijaona wingu la unga kama lile hata kwenye dhoruba za Februari. Lilipotua, shemeji yangu alikuwa amekaa chini koridoni, mweupe kuanzia kofia hadi viatu, anakohoa, mchi umemlalia mapajani. Nywele, kope, ndevu, vyote vyeupe. Jenerali wa unga wa sembe. Akafungua mdomo, ukatoka moshi, kisha maneno. "Mwajuma," akaniambia, "hawa watu hawaitikii hodi?"

Polisi walipopanda ngazi, silaha mbele, walimkuta Bwana Kowalchuk amepiga magoti, anamfuta macho kwa mwisho wa tai yake, Salma amemkumbatia baba yake shingoni na mimi nimesimama mbele yao wote nimenyoosha dekio juu kama bendera nyeupe. Waliuliza silaha iko wapi. Nikafungua khanga. Askari mmoja kijana aliutazama ule mchi, akauliza unatumika kufanyia nini, nikamwambia iliki.

Tulicheka wiki nzima, mimi zaidi ya wote. Kwa taarifa yenu, ule unga hauoshwi kwa maji, unakuwa kama uji. Unavutwa kwanza kwa mashine kavu, ndipo unapiga deki. Hadi nastaafu nilikuwa bado nautoa kwenye mianya ya makabati.

Jumapili Bwana Kowalchuk alikuja nyumbani kwa dada. Alileta keki aliyooka mkewe. Kibwana alikuwa amejiandaa. Alikuwa amekwisha kuniambia kwamba atamsamehe, lakini kwanza atamweleza jinsi mwalimu mwenye mafunzo ya silaha angeitazama hali na kutambua mchi ni mchi. Alikuwa na hotuba. Aliivalia lile koti.

Mwalimu hakumpa nafasi. Hata keki hakuiweka mezani, aliishika mkononi muda wote. Salma alisimama mlangoni mwa jikoni akimtafsiria mama yake, na aliyoyasema mwalimu nayakumbuka hivi: "Nilimsikia Salma akisema baba. Neno hilo nalijua, nimefundisha watoto wenu miaka mingi. Nililisikia na nikalielewa. Lakini kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza."

Dada yangu alikaa chini. Hakuna aliyecheka, hata mimi, na mimi nacheka mazishini. Kibwana alimtazama binti yake, akakitazama kidole cha yule mwalimu, kidole chembamba chenye madoa ya dawa za maabara. Mwishowe akainuka, akaipokea keki, akamwambia Asha alete chai.

Kikao cha wazazi kilichofuata, wazo lile likarudi. Mjinga mmoja akinyamaza, kiti chake hakikai wazi. Baba mmoja wa mtaa wa pili, mtu wa miwani ya jua ndani ya nyumba, aliamka na kusema yote upya: bastola, mafunzo ya wikendi, kuku. Akasema mkasa wa mchi ndio ushahidi wenyewe, maana mwalimu alikutwa hana chochote. Halafu akamnyooshea Bwana Kowalchuk kidole na kumuuliza lile lile, neno kwa neno, kama amelirithi: angemrushia chaki?

Makofi yakaanza. Kibwana akasimama. Nikafumba macho, nikajiandaa kuota mvi nyingine.

"Alinirushia unga," akasema. "Ndiyo maana niko hapa."

Akaketi. Hayo ndiyo maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema tangu azaliwe, na makofi yaliishia hewani, mikono ya watu haijakutana. Bwana wa miwani aliendelea kusimama kidogo, akitafuta pa kuiweka ile bastola yake ya maneno, asipaone. Kikao kikahamia kwenye suala la vitasa vinavyofungwa kwa ndani, jambo ambalo Desmond alikuwa akiliomba tangu dunia iumbwe. Tukaletewa. Vinafungwa kwa kuzungusha kitu kidogo kwa vidole viwili, havihitaji ufunguo, wala ushujaa, wala koti la harusi.

Kwa hiyo wanangu, mkiingia kazini na mkakuta mtu anayetaka kumtia mwalimu silaha, msibishane naye sana. Muulizeni tu mwalimu huyo kaweka wapi ufunguo wake. Halafu msikilize milango.

Salma ni mkubwa sasa, na akikasirika anagomba kwa Kiswahili safi. Mchi uko jikoni kwa dada, unatwanga, na kwenye nyufa zake bado kuna weupe ambao dada anasema ni wa unga wa mchele na mimi namwachia aamini hivyo. Ningeendelea, lakini kuna mtu mlangoni. Anapiga hodi kwa sauti ya kuamsha jengo zima, ghorofa zote, na namjua. Leo ana maoni kuhusu serikali na theluji, na atanichosha mpaka jioni.

Karibu, shemeji. Nakuja kufungua.